Watu wa Madirishani

Haya nimeelezwa na Fundi mwenyewe, siku ileile yalipomtokea, Jumamosi mchana, ameketi kwenye kochi langu na viatu hajavua. Nayaandika sasa kabla sijayachanganya na mengine.

Fundi ni jirani yangu, mlango kwa mlango, huu mwaka wa thelathini. Anashona. Jina analo, lakini hata wanawe, badala ya mama, wanamwita Fundi. Mimi ananiita dada kwa sababu nimemzidi miaka kumi na kitu, ila akinikasirikia ananiita bibi. Akitia uzi kwenye sindano huinamisha kichwa upande wa kushoto mpaka sikio linakaribia bega, na huwa namwambia siku moja shingo itagoma kurudi.

Sasa, kuna jambo moja la Fundi linalojulikana mtaa mzima. Hajawahi kuiona sura ya mama yake. Mama yake alifariki kwa homa, yeye Fundi ndio kwanza anajifunza kukaa. Baba alikuwa kazini mbali, akabaki hukohuko. Akalelewa na mama mkubwa, na picha ya marehemu katika nyumba ile haikuwepo hata moja. Akiuliza, "Mama alikuwaje?" mama mkubwa alijibu, "Kama watu." Siku akiwa na moyo mwepesi aliongeza, "Alikuwa na pua." Haukuwa ukatili. Nadhani kumsema mdogo wake kulimwuma, akaona heri afanye mzaha.

Alichoachiwa Fundi ni shuka moja la maua makubwa, la mama yake. Lilikuwa limechanika katikati na mama yake akalitia kiraka kwa mkono wake, kiraka cha kitambaa kilekile, ila alikigeuza, ua likakaa kichwa chini. Fundi akiwa fundi kweli alikuwa akilitoa sandukuni analiangalia na kucheka: "Mama yangu hakujua kushona, dada. Angekuja kwangu na kazi kama hii ningemrudishia."

Lakini siku nyingine hakuwa anacheka. Siku moja, uzi uko mdomoni, aliniambia: "Wote waliomjua wamekwisha. Na mimi nikienda huko waliko, nitamtambuaje? Nitampita kama mteja."

Nilimpa chai.

Haya, tuje kwenye jumba. Liko kwenye kona, pale barabara ya zamani inapopinda. Lilianza kuwa nyumba ya tajiri, kisha likawa studio ya picha, kisha ghala la magunia, kisha likaachiwa popo. Fundi alikulia nyuma yake tu. Na watoto wa wakati ule waliliogopa kuliko makaburi, kwa sababu lilikuwa na watu madirishani. Si hadithi tu, waliwaona kwa macho. Jua la jioni likipenya kutoka upande wa pili, unamwona mtu ndani ya kioo, nywele nyeupe, uso mweusi tii, ametulia anakuangalia. Ukisogea hatua mbili, hayupo.

Fundi ndiye aliyekuwa akitumwa dukani, na njia ilikuwa hiyo. Akifika kona anajifunika kikapu kichwani, hivi, kama kofia mpaka mabegani, halafu anakimbia. Mara mbili aligonga nguzo ya taa. Kovu analo kwenye nyusi mpaka leo. Toka utoto huo hadi Jumamosi hii hakuwahi kuvuka mlango wa jumba lile, na akiwa na haraka bado anapita upande mwingine wa barabara, mtu mzima na wajukuu wake.

Mwezi uliopita akaja binti mmoja mwenye miwani, msomi, mpole. Alikuwa amekuta masanduku ya studio ya zamani kule chini ya ngazi, yamejaa vioo. Zamani picha ilipigwa kwanza kwenye kioo, halafu kutoka kwenye kioo ndio wanaitoa kwenye karatasi. Huyo binti akazitoa upya zile picha, kubwakubwa, akaomba ruhusa azitundike mlemle jumbani, watu waje watazame kabla halijabomoka. Akataka mapazia sita meusi ya kuzuia jua. Kazi akampa Fundi.

Fundi akashona. Aliyepaswa kuyafuata hakufuata. Jumamosi asubuhi, mvua imetoka kukatika, Fundi akayabeba mwenyewe kichwani akayapeleka.

Mlangoni alikuwepo mzee amekalia kreti. Huyo anaitwa Mzee Giza. Ujana wake wote aliufanyia kazi kwenye studio ileile, katika chumba cha giza cha kuoshea picha, na sasa binti amempa kazi ya kulinda.

"Nimeleta mapazia," Fundi akasema, hatua tatu kabla ya kizingiti.

"Naona. Ingia nayo."

"Yapokee hapohapo, mzee."

"Mgongo huu? Mapazia sita? Unataka kuniua siku ya maonyesho?"

"Nasikia sakafu imeoza."

"Mimi pia nimeoza na bado natumika. Ingia, binti. Wote waliomo humo wako ukutani."

Fundi akacheka kwa aibu, akaingia.

Aliniambia kitu cha kwanza kilikuwa harufu: magunia, chokaa mbichi, na kinyesi cha popo. Cha pili ni matone. Paa lilikuwa linavuja maji ya asubuhi, wametega ndoo kila mahali, na kila ndoo ina mlio wake, hii tap, ile tup. Rangi ya ukuta imebanduka tabaka kwa tabaka, kijani, chini yake njano, chini yake buluu. Na juu ya ukuta huo mgonjwa, watu. Kila picha kubwa kama mlango. Bwana harusi na miguu peku. Askari aliyeazima saa, maana imemlegea mpaka kwenye kiwiko. Dada watatu wenye gauni moja, yaani gauni lilelile, wamelivaa kwa zamu, kila mmoja na picha yake. Hilo Fundi alilijua kwa mshono wa kola.

"Walikuwa wananitazama, dada," akaniambia. "Si kama picha inavyotazama. Kama watu walio kwenye foleni, wanamtazama aliyeingia mwisho."

Akayaweka mapazia chini ili aondoke. Hapo ndipo alipoinua macho akaona lile shuka.

Picha ilikuwa ya mtoto. Mtoto wa miezi michache, kanzu nyeupe, mdomo wazi, ameketi juu ya kitu kilichofunikwa shuka la maua. Chini yake pameandikwa: *Mtoto kitini. Hajulikani.*

Binti wa miwani akaja kwa furaha. "Mama, umeipenda hiyo? Kila mtu anasimama hapo. Tazama alivyokaa kitini peke yake, hajashikwa, haogopi."

Fundi alikuwa anatafuta katikati ya shuka. Na kilikuwepo. Kiraka. Ua kichwa chini.

"Mwanangu," akasema, sauti yake mwenyewe akaisikia inatoka mbali, "mimi nimeshona vitambaa vya viti miaka arobaini. Kiti hakina magoti."

"Samahani, mama?"

"Tazama hapa. Hili goti. Hili goti lingine. Hapa kiunoni pa mtoto, mikunjo hii minne, hii ni vidole, vimemshika kutoka ndani. Na hapa juu, hiki si kichwa cha kiti."

Binti akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kuna mtu humo ndani," akasema.

"Kuna mama yangu humo ndani. Huyo mtoto ni mimi."

Basi wakamwita Mzee Giza. Akaja anaburuta miguu, akaitazama picha, wala hakushangaa hata kidogo.

"Sasa mlidhani nini? Kamera yetu ilikuwa kuukuu hata kwa wakati ule. Bwana Picha, mwenye studio, anafungua, mimi nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, anafunga. Mtoto gani atatulia mpaka nne? Akitikisika tu, picha inakuwa moshi. Kwa hiyo mama anakaa kitini, tunamfunika, tunamweka mtoto mapajani, anamshika kwa ndani. Tunamwambia asipumue. Akina mama wangapi nimewafunika! Wengine wanacheka humo ndani mpaka tunaanza upya."

"Mbona hukuniambia?" binti akauliza.

"Uliniuliza? Uliniambia kaa mlangoni."

Fundi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameona jambo lingine. Picha nzima ilikuwa kali, hata nyuzi za kiraka unazihesabu. Ila mahali pamoja, juu ya kichwa cha mtoto, pale uso unapotakiwa kuwa, shuka lilikuwa na ukungu. Kidoa kama cha ukubwa wa mdomo.

"Hapo tulidhani unyevu umeharibu kioo," binti akasema taratibu.

"Unyevu gani," Mzee Giza akasema. "Huyo alipumua."

Fundi akaniambia hapo alikaa chini, juu ya mapazia yake. Miaka sitini amekuwa na shuka lile, amelifua, amelianika, na hakujua kwamba pumzi ya mama yake ilishapita pale na kuna mahali imeandikwa. Akakaa anakitazama kile kidoa. Halafu akauliza swali lake, lilelile moja.

"Mzee, hamkumpiga bila shuka? Uso wake?"

Mzee Giza akakuna shingo. "Wengi walipiga mbili. Ya mtoto peke yake ya kumpelekea baba, na moja ya pamoja. Tuangalie kwenye daftari."

Daftari binti alikuwa nalo, limevimba kwa maji kama mkate. Kila kioo kilikuwa na namba yake. Wakafunua polepole, kurasa zinashikana. Mia nne kumi na mbili: *mtoto, shuka. Imefuatwa.* Mia nne kumi na tatu: *mama na mtoto.*

Fundi akashika meza.

Lakini mbele ya ile ya pili, kwa wino mwingine, palikuwa pameandikwa: *Haikufuatwa. Dirisha la ngazi, juu kushoto.*

"Dirisha maana yake nini?" binti akauliza.

Mzee Giza, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu tangu asubuhi, akaangalia ndoo. Mwishowe akasema:

"Vioo vilikuwa adimu. Na nyumba hii madirisha yake yanavunjika kila mvua ya upepo. Bwana Picha alikuwa na utaratibu: picha ikikaa mwaka mzima haijafuatwa na mwenyewe, kioo chake kinakwenda dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa nawatia. Sikuona ubaya. Tulisema wenyewe wamewaacha."

"Hakumwacha mtu," Fundi akasema. "Alikuwa amekufa."

Tap, tup, zile ndoo. Na Fundi, palepale, akaelewa wale watu wa madirishani walikuwa nani. Nywele nyeupe na uso mweusi, kwa sababu kioo cha picha huonyesha weupe kuwa weusi na weusi kuwa weupe. Watu waliopiga picha zao na hawakurudi, wametiwa kwenye fremu wanaangalia barabara.

Akainuka akaenda kwenye ngazi. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba.

"Mama, hapo haparuhusiwi! Zimeoza!"

"Mwanangu, nimechelewa miaka sitini. Kamba yako siigusi."

Akainama akapita chini yake. Binti akatazama kushoto, akatazama kulia, akamfuata. Mzee Giza akabaki chini anapiga kelele: "Pembeni! Kanyagieni pembeni kwenye misumari, katikati ni mchwa watupu!"

Ngazi zililia kila hatua. Pale zinapopinda ndipo dirisha lilipo, kubwa, vioo kumi na viwili, na kwenye pembe ya kila kioo namba imekwaruzwa kwa msumari. Fundi akapanda kwenye ngazi inayofuata ili uso wake ufike juu kushoto. Mia nne kumi na tatu.

Kilikuwa kitupu. Cheupe kama maji ya kunywa.

Jua lilikuwa limemtafuna, asubuhi baada ya asubuhi, na mvua ikamalizia. Vioo vyote kumi na viwili vilikuwa hivyo. Wote walikuwa wameondoka.

Fundi hakulia mara moja. Alitazama tu kupitia mle kwenye kioo, kwa sababu kitu kingine cha kutazama hakikuwepo. Na alichokiona ni kona. Barabara inapopinda. Nguzo ya taa.

Hapa aliponieleza alisimama, akaomba maji, akanywa glasi nzima.

"Alikuwa ananiona, dada. Kila siku nikitumwa dukani. Miaka yote ile yuko pale juu na uso wake, bado haujafutika, ungeonekana vizuri tu. Na mimi nimejifunika kikapu."

Nikamwambia, "Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto wake," akasema.

Basi alilia pale ngazini, paji la uso limegusa kioo, na kioo kilikuwa baridi kwa ile mvua ya asubuhi. Pumzi yake ikakipiga. Ukungu ukatanda. Lakini haukutanda kote, na hapa Fundi alinishika mkono aliponiambia, akaubana mpaka ukauma. Mahali pengine ulishika, mahali pengine haukushika. Palipokuwa na picha zamani, kioo kilikuwa kimekumbuka. Akaona mstari wa bega. Akaona kichwa. Na chini, mapajani, akaona kiduara kidogo, na kiduara hicho ni yeye.

Kisha pakakauka.

Akapumua tena. Wakarudi. Pakakauka. Akapumua tena. Binti wa miwani alikuwa nyuma yake na yeye aliona, maana Fundi alihisi vidole vyake vimelishika gauni lake kwa nyuma, kama mtoto sokoni.

"Mnaona nini huko?" Mzee Giza akaita kutoka chini.

Fundi alipumua mpaka kizunguzungu kikampata, na ngazi ikatoa mlio mbaya, na binti akamvuta. "Mama, tosha. Mama yangu, tosha, utaanguka." Wakashuka kwa makalio, hatua kwa hatua, kama watoto.

Chini, binti alitaka kesho yake aite seremala aking'oe kile kioo ampe. Fundi akakataa. "Mwache kwanza. Amepazoea. Siku wakibomoa, hiyo namba ni yangu, uniandikie." Binti akaandika. Halafu akaiendea ile picha, akatoa kalamu, akakata maneno ya chini, yote. Akaandika: *Mama na mtoto.* Mzee Giza akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Nisamehe, binti," akamwambia Fundi. "Ningejua ningemtia dirisha la kivulini."

Basi Fundi akatoka hapo akaja moja kwa moja kwangu, mapazia hata hakumwuliza mtu kama yametosha. Nami nilipokwisha kusikia yote nikamwuliza, maana mtu anataka kujua:

"Uso uliuona?"

"Macho sikuyaona. Wala pua, hiyo pua ya mama mkubwa. Niliona mtu tu, ananiangalia mimi mapajani. Kichwa amekiweka hivi."

Akanionyesha. Akainamisha kichwa upande wa kushoto mpaka sikio likakaribia bega.

"Fundi," nikamwambia, "hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hivyo alivyoweka kichwa."

Akarudia. Akabaki vilevile, amekiinamisha, ananitazama kunisubiri niseme. Kisha nikaona amejua. Mkono ukampanda wenyewe shingoni.

"Huko hutampita," nikamwambia. "Tafuta anayekaa kama anatia uzi."

Alitoka, nikasikia mlango wake, nikasikia sanduku, akarudi na shuka lake limekunjwa kifuani. Ndipo akavua viatu.

"Bibi," akasema, na hakuwa amekasirika, "naomba kujilaza hapa kwako kidogo. Kwangu leo nitasikiliza madirisha."

"Jilaze."

Ilikuwa saa kumi tu, jua bado kali, watoto wanacheza nje. Akajinyoosha kwenye kochi, akajifunika shuka gubigubi, uso na vyote, kiraka kikaangukia kifuani, ua kichwa chini. Nikavuta kiti nikakaa karibu. Pale mdomoni kitambaa kilikuwa kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, nami nikajikuta nahesabu, moja, mbili, tatu, nne, mpaka kikapoa, na Fundi akalala.